Kombe Lilikuwa Mikoani

Simulizi ya kweli ya msimu wa 2021/22, Yanga iliporejea kwenye ubingwa wa Tanzania Bara

SEHEMU YA KWANZA: Kiu ya Jangwani

Filimbi ya mwisho ilipolia Port Harcourt, Nigeria, Jumapili ya Septemba 19, 2021, safari ya Yanga kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ilikuwa imekwisha kabla haijachangamka. Rivers United walishinda 1-0 Dar es Salaam wiki moja kabla, wakashinda 1-0 tena kwao. Mechi mbili, vipigo viwili, na Yanga haikupata hata bao la kufutia machozi.

Waliosajiliwa kuibeba timu hawakuwa uwanjani. Khalid Aucho, kiungo wa Uganda, hakucheza. Djuma Shaban na Fiston Mayele, waliotoka AS Vita ya Kinshasa, nao hawakucheza. Taratibu za uhamisho wao zilichelewa kukamilika, basi mashabiki wakabaki na picha za utambulisho na ahadi.

Ahadi walikuwa wameshachoka nazo. Klabu iliyozaliwa mwaka 1935, yenye mataji 27 ya ligi, mengi kuliko timu nyingine yoyote nchini, haikuwa imegusa kombe hilo tangu msimu wa 2016/17. Mei 2017 Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti na mfadhili wake, alijiuzulu, na fedha zikakauka. Msimu uliofuata Yanga ilimaliza ya tatu. Kisha akaja kocha Mwinyi Zahera kutoka Congo, na chini yake bakuli likapitishwa. Wanachama na mashabiki walichangia timu yao kwa noti za mfukoni, wengine wakiwa hawana hakika ya nauli ya kurudia nyumbani. Watani waliwacheka, wakawaita ombaomba. Wao waliendelea kutoa.

Upande wa pili wa Kariakoo, Simba ilikuwa inafanya sherehe kila mwaka. Ilibeba ubingwa wa 2017/18, ikaurudia 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili. Hata Julai 2021, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Kigoma, kichwa cha Taddeo Lwanga kiliwapa Simba ushindi wa 1-0 mbele ya Yanga. Kwa mwana Jangwani, shabiki wa Yanga, kusoma gazeti asubuhi ya siku iliyofuata kulihitaji moyo.

Uongozi wa klabu chini ya Mshindo Msolla, ukishikwa mkono na wadhamini GSM, uliamua kujenga timu upya. Injinia Hersi Said alisimamia usajili. Golikipa Djigui Diarra alitoka Stade Malien ya Mali. Yannick Bangala, Mkongo anayeweza kucheza beki wa kati leo na kiungo mkabaji kesho, alitoka FAR Rabat ya Morocco. Hata Haji Manara, msemaji aliyekuwa sauti ya Simba kwa miaka, alihamia Jangwani Agosti ile.

Kocha alikuwa Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyewasili Aprili 2021. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Aprili 25, ilimpa kipigo cha 1-0 kutoka kwa Azam. Kiweke akilini kipigo hicho, msomaji. Tutakirudia.

Sasa hesabu siku. Yanga imetolewa Afrika Jumapili. Jumamosi inayofuata, Septemba 25, ina miadi Uwanja wa Benjamin Mkapa, Kwa Mkapa, kugombea Ngao ya Jamii. Mpinzani ni Simba, bingwa wa miaka minne mfululizo. Vijiweni watu wameanza kuuliza kama Nabi ataifikia Oktoba akiwa bado na kazi.

Aucho, Djuma na Mayele sasa wanaruhusiwa kucheza. Je, watatosha?

ITAENDELEA...

SEHEMU YA PILI: Dakika ya 11

Ilipoishia: Yanga imetoka Nigeria mikono mitupu, na Simba inaisubiri Kwa Mkapa.

Jukwaa moja la Uwanja wa Benjamin Mkapa lilikuwa kijani na njano, jingine jekundu. Dakika ya 11 mpira ulimkuta Fiston Mayele ndani ya eneo la hatari la Simba. Hakuhitaji nafasi ya pili. Nyavu zilitikisika, na Mayele akakimbilia jukwaani, akasimama na kuutetemesha mwili mzima. Siku hiyo Dar es Salaam ilijifunza shangilio jipya. Kabla msimu haujafika katikati, watoto wa Mbagala mpaka Mwanjelwa walikuwa wakitetema kila wanapofunga bao kwenye viwanja vya vumbi.

Simba walisukuma, wakarudi, wakasukuma tena. Diarra alisimama imara golini. Mpira uliisha 1-0, na Ngao ya Jamii ikaenda Jangwani.

Ngao huchezwa mara moja, dakika tisini, na watu wakarudi makwao. Ligi ilikuwa mechi 30, nyingi zikiwa mbali na taa za Dar es Salaam. Hapo ndipo Yanga za miaka ya nyuma zilikuwa zikipotelea. Zilikuwa zikifika viwanja vya mikoani zikiwa na jina kubwa, zikiondoka na pointi moja na visingizio vingi: nyasi ndefu, safari ndefu, jua kali.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bukoba, Septemba 29, siku nne tu baada ya dabi. Uwanja wa Kaitaba hauna huruma kwa wageni, na Kagera Sugar wanajua kukaba. Mzanzibari Feisal Salum, Fei Toto, aliamua mambo kwa bao moja. 1-0.

Geita Gold, waliokuwa wageni kwenye ligi, wakaja Kwa Mkapa. 1-0 tena, safari hii mfungaji akiwa Jesus Moloko. Kisha KMC wakaipeleka mechi yao ya nyumbani Songea, Uwanja wa Majimaji, Oktoba 19. Mayele akafunga, Fei Toto akafunga, 2-0. Oktoba 30 wakaja Azam, walewale walioharibu siku ya kwanza ya Nabi. Mayele na Moloko wakawalipa kwa 2-0.

Mechi nne, ushindi mara nne, na Diarra hajaokota mpira nyavuni hata mara moja.

Wakati huo nyumba ya jirani ilikuwa inawaka moto. Oktoba 24 Simba ilifungwa 3-1 Kwa Mkapa na Jwaneng Galaxy ya Botswana, ikatolewa Ligi ya Mabingwa. Kocha Didier Gomes akaondoka. Mhispania Pablo Franco akaja kuchukua nafasi yake.

Yanga ingeweza kucheka, lakini mpira hauna tabia ya kumwacha mtu acheke sana. Novemba 2, kwenye ushindi wa 3-1 dhidi ya Ruvu Shooting, mshambuliaji Yacouba Sogne wa Burkina Faso aliumia goti. Alikuwa mtu wa kuaminiwa mbele ya goli, na majeraha yale yalimweka nje kwa muda mrefu. Kwenye jedwali Yanga ilikuwa na pointi 15 kati ya 15. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo ilikuwa na pengo.

Novemba 20, Lindi, Uwanja wa Ilulu. Namungo wametangulia kufunga. Kwa mara ya kwanza kwenye ligi msimu huu Yanga inaufukuza mchezo ikiwa ugenini. Kipindi cha pili kinaelekea ukingoni, mipira inapigwa mirefu, mabeki wa Namungo wanaondosha kila kinachokuja. Kisha filimbi inalia, na mwamuzi ananyoosha mkono kuelekea kwenye kituo cha penalti.

Saido Ntibazonkiza, Mrundi, anauchukua mpira na kuuweka chini. Uwanja mzima umesimama.

ITAENDELEA...

SEHEMU YA TATU: Januari ya Mnyama

Ilipoishia: Yanga iko nyuma Lindi, na Saido amesimama mbele ya mpira.

Saido alifunga. 1-1, pointi moja, na Yanga ikaondoka Lindi ikiwa bado haijapoteza. Kwa mtu wa pembeni ilikuwa sare ya kawaida. Kwa aliyeifuata timu hii miaka minne iliyopita, palikuwa na jambo jipya. Yanga ya zamani ingeanza kugombana na mwamuzi tangu ilipofungwa. Yanga hii ilicheza mpaka ikapata ilichokitafuta.

Siku kumi baadaye ilikuwa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, ikaifunga Mbeya Kwanza 2-0. Kisha nchi ikasimama.

Jumamosi ya Desemba 11, dabi ya Kariakoo. Watu walifunga maduka, wakasafiri usiku kwa mabasi, wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Ndani ya uwanja kulikuwa na vita ndogo iliyotoka Kinshasa. Mayele aliyetoka AS Vita alikabwa na Henock Inonga, beki aliyetoka DC Motema Pembe, mahasimu wakubwa wa Vita. Wakongo wawili walihamishia Dar es Salaam ugomvi wa kwao, bega kwa bega, dakika tisini. Inonga hakupitika.

Suluhu, 0-0. Maelfu wakarudi nyumbani bila bao la kusimulia.

Wiki moja na siku moja baadaye, Desemba 19, Yanga ilikuwa Sumbawanga, Uwanja wa Nelson Mandela. Hakukuwa na kelele za wiki nzima wala tambo za redioni. Tanzania Prisons walitangulia kufunga, na wenyeji wakaanza kunusa ushindi. Fei Toto akasawazisha. Aucho, mtu ambaye kazi yake ni kukata mipira na kutulinda sote na presha, akapanda mbele na kufunga la pili. 2-1. Dabi ilileta pointi moja, Sumbawanga ikaleta tatu. Anayetaka kuelewa msimu huu aanzie hapo.

Biashara United wakafungwa 2-1 Kwa Mkapa siku moja baada ya Krismasi. Dodoma Jiji wakapokea mabao 4-0 siku ya mwisho ya mwaka. Yanga ikaingia 2022 ikiwa kileleni na haijafungwa.

Kisha ikaja Januari, na msimu ukapinduka.

Januari 16 Yanga ilikwenda Tanga, Mkwakwani, ikaifunga Coastal Union 2-0 kwa mabao ya Mayele na Saido. Kesho yake Simba, timu iitwayo Mnyama, ilicheza Mbeya, Uwanja uleule wa Sokoine. Mbeya City wakashinda 1-0. Januari 22 Simba ikaenda Manungu, katikati ya mashamba ya miwa ya Mtibwa mkoani Morogoro. Suluhu. Siku iliyofuata Yanga ilikuwa Arusha ikiilaza Polisi Tanzania 1-0. Januari 26 Simba ikapanda Kaitaba, palepale Yanga ilipoanzia safari. Hamis Kiiza, Mganda aliyewahi kuvaa jezi za Yanga na za Simba, akaifungia Kagera Sugar bao pekee.

Siku kumi, mechi tatu za mikoani, na bingwa mtetezi amevuna pointi moja kati ya tisa. Clatous Chama alikuwa amerudishwa Simba kutoka RS Berkane kuja kuokoa jahazi, lakini jahazi lilikuwa limeshachota maji mengi.

Jangwani watu walianza kuhesabu. Wengine walianza kuimba nyimbo za ubingwa. Ndipo Februari 5 Mbeya City, walewale walioiangusha Simba, wakaja Kwa Mkapa na kuibana Yanga mpaka filimbi ya mwisho. 0-0.

Mechi iliyofuata ya ligi ilikuwa Februari 23, ndani ya miwa ya Manungu, uwanja ambako Simba ilikwama mwezi mmoja kabla. Mayele yupo. Saido yupo. Lakini uwanja ule umezoea kuwameza wakubwa. Je, Yanga nayo itaachia pointi pale?

ITAENDELEA...

SEHEMU YA NNE: Mabao yalipotoweka

Ilipoishia: Yanga imeingia Manungu, uwanja ulioitega Simba.

Mayele alifunga. Saido akafunga. Yanga ikatoka Manungu na ushindi wa 2-0, na nusu ya kwanza ya ligi ikafungwa ikiwa na pointi 39 katika mechi 15.

Nabi hakuwa na miujiza mfukoni. Pembeni yake alikaa Cedric Kaze, Mrundi aliyewahi kuwa kocha mkuu wa timu hiyohiyo, akaondolewa Machi 2021, kisha akakubali kurudi kama msaidizi. Si kila mwanamume anaweza kurudi kwenye nyumba aliyotolewa na kukaa kiti cha pili. Kaze alirudi na kufanya kazi. Nyuma walisimama nahodha Bakari Mwamnyeto na kijana Dickson Job, mabeki wa kizalendo waliocheza kwa utulivu wa watu wazima. Januari akaongezwa Salum Abubakar, Sure Boy, kiungo aliyelelewa Azam, na pasi za Yanga zikapata adabu zaidi.

Kagera Sugar wakafungwa 3-0. Geita Gold wakafungwa 1-0 kwao Kanda ya Ziwa, kwa bao la Mayele. KMC 2-0. Aprili 6, Chamazi, Azam wakafungwa 2-1 nyumbani kwao. Aprili 23 Namungo wakafungwa 2-1. Haba na haba hujaza kibaba: mechi 20, ushindi 17, sare tatu, pointi 54.

Simba ilikuwa nyuma kwa pointi 13. Tena ilikuwa imechoka. Aprili 24, Afrika Kusini, Orlando Pirates waliitoa kwa mikwaju ya penalti kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku sita baadaye ikaja dabi ya pili.

Jumamosi ya Aprili 30 Wananchi, mashabiki wa Yanga, walikwenda Kwa Mkapa wakiwa wameshamzika mtani moyoni. Walitaka kuumaliza ubingwa mbele ya mtani, siku hiyo, uwanja huo. Inonga akamkaba Mayele tena. Tena hakuna nyavu iliyotikisika. 0-0. Mtu anayesema ubingwa hupatikana kwenye dabi atafute bao hata moja katika dakika 180 za Yanga na Simba za ligi ya msimu huo. Hataliona.

Hakuna aliyeogopa. Suluhu na Simba si dhambi.

Mei 4 Yanga ikasafiri mpaka Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, kucheza na Ruvu Shooting waliohamishia huko mechi yao ya nyumbani. Ruvu walijaza watu nyuma, wakaufunga mlango. 0-0.

Sasa minong'ono ikaanza. Mayele, aliyekuwa akigombea ufungaji bora, alikuwa ametulia ghafla. Shangilio la kutetema halikuonekana. Mei 9 wakaja Tanzania Prisons Kwa Mkapa. Mashabiki walijua kuwa hapa lazima bao lipatikane, kwani Prisons hawakuwa kwenye hali nzuri na uwanja ni wa nyumbani.

Dakika zikapita. Krosi zikapigwa, kona zikapigwa, mashuti yakapaa. Golikipa wa Prisons akashika, mabeki wakaondosha. Filimbi ikalia.

0-0.

Mechi tatu, dakika 270 za ligi, bila bao. Pointi 54 zimekuwa 57 tu, wakati zingekuwa 63. Simba ina viporo na inajua kuvila. Redioni wachambuzi wanaulizana kama Yanga imeishiwa pumzi mlango wa mbingu ukiwa wazi. Wazee wa Jangwani, waliouona miaka minne ya machozi, wamenyamaza. Wanaijua timu yao. Wameshaiona ikianguka.

Safari inayofuata ni Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Mei 15. Wiki mbili baada ya hapo, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na aliyepangwa nayo si mwingine ila Simba.

Je, safu ya mbele itaamka?

ITAENDELEA...

SEHEMU YA TANO: Filimbi ya Juni 15

Ilipoishia: Yanga imecheza mechi tatu bila bao, na inaelekea Dodoma.

Mkoani tena, na mkoani tena ndiko dawa ilikopatikana. Dodoma Jiji walifungwa 2-0 kwenye Uwanja wa Jamhuri, na pumzi ikarudi vifuani. Mei 20 Mbeya Kwanza wakabugizwa 4-0 Kwa Mkapa. Siku tatu baadaye, Kirumba jijini Mwanza, Biashara United wakapata sare ya 1-1. Pointi 64.

Yanga ikabaki kwenye uwanja huohuo wa CCM Kirumba kumsubiri Simba, Mei 28. Mwanza haikulala. Dabi mbili za ligi hazikuwa na bao, na hii ilikuwa ya kutoana: mmoja lazima aanguke. Kipindi cha kwanza Fei Toto aliuona mlango kutoka mbali na kuachia shuti. Golikipa wa Simba aliruka, mpira ukampita. 1-0, na hivyo ndivyo ilivyoisha. Siku tatu baadaye Simba ikaachana na Pablo Franco.

Ligi ikasimama kupisha timu za taifa. Wananchi wakabaki na hesabu moja mkononi: mechi moja ya kushinda, na kombe lirudi.

Jumatano, Juni 15, 2022. Mpinzani, Coastal Union ya Tanga. Mkapa ikafurika siku ya kazi. Wapo walioomba ruhusa kazini, wapo walioondoka bila kuomba. Wazee waliochangia bakuli walikaa pamoja na vijana ambao hawakuwahi kuiona Yanga ikibeba ligi wakiwa na akili timamu za kushabikia.

Mayele akafunga, na uwanja mzima ukatetema naye. Chico Ushindi akafunga. Mayele akarudi akafunga tena. 3-0. Pointi 67, mechi tatu mkononi, na hakuna tena hesabu inayoweza kuisaidia Simba. Baada ya miaka mitano, ubingwa wa 28 ulikuwa Jangwani. Usiku ule barabara za Kariakoo hazikupitika kwa gari.

Lakini msimu ulikuwa bado na swali moja. Kubeba ubingwa ni jambo moja, kuubeba bila kufungwa ni jingine. Simba ilifanya hivyo 2009/10, Azam ikafanya 2013/14. Yanga ilikuwa na mechi tatu za kuingia kwenye orodha hiyo, na timu iliyokwisha kushangilia ni rahisi kuangushwa.

Polisi Tanzania walifungwa 2-0. Juni 25 Yanga ikaenda Sokoine, kwa Mbeya City, timu iliyokuwa imeifunga Simba na kuibana Yanga msimu huo. Sare ya 1-1. Ikabaki Mtibwa Sugar, Juni 29. Bao moja likatosha: 1-0.

Mechi 30. Ushindi 22. Sare nane. Vipigo, sifuri. Pointi 74, mbele ya Simba kwa pointi 13.

Kiatu cha dhahabu kilimponyoka Mayele kwa bao moja tu. Yeye alimaliza na 16, na George Mpole wa Geita Gold, Mtanzania, akamaliza na 17. Bangala akatangazwa mchezaji bora wa ligi, na Nabi kocha bora. Julai 2, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilikuwa sinema ya peke yake. Abdul Suleiman, Sopu, aliifungia Coastal Union mabao matatu, mechi ikaisha 3-3 baada ya dakika 120, na Yanga ikashinda kwa penalti 4-1. Ngao, ligi na kombe, vyote nyumba moja.

Sasa turudi kwenye kile kipigo nilichokuomba ukiweke akilini, Nabi alipofungwa na Azam Aprili 25, 2021. Tangu siku hiyo Yanga haikupoteza tena mechi ya ligi hiyo mwaka huo, wala 2022 mpaka Novemba 29. Mechi 49. Simba haikuweza kuikatisha safari hiyo, wala Azam. Aliyeikata ni Ihefu, kwa 2-1, Mbarali mkoani Mbeya, kwenye uwanja ambao wengi walikuwa hawajausikia.

Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya msimu huu. Katika ligi, Yanga ilicheza mechi 13 nje ya Dar es Salaam, ikashinda tisa, ikatoka sare nne, ikarudi na pointi 31. Dabi mbili za ligi ziliipa pointi mbili. Tunazipa dabi magazeti, redio na usingizi wetu, na ni haki yake, kwa kuwa ni sherehe ya taifa. Lakini kombe la 2022 lilichumwa Bukoba, Songea, Sumbawanga, Tanga, Arusha, Manungu na Dodoma, mbele ya majukwaa madogo, na watu waliolipa kiingilio kuziona timu zao za nyumbani zikipambana na mkubwa. Timu hizo, za Kagera, Lindi na Mbeya, ndizo zinazopima nani anafaa kuitwa bingwa wa Tanzania.

Kwa hiyo wewe uliye mkoani, iwe unaipenda Yanga au Simba, timu ya mkoa wako ikicheza Jumamosi ijayo na mpinzani asiye na jina, nenda uwanjani, kata tiketi, uishangilie. Ligi yetu inategemea viwanja hivyo.

MWISHO